Adhana Iliyoburuza

Mama mkwe wangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Kabla hujauliza lolote: mwanao Ramazani yu hai. Mwambie anayekusomea apumue kwanza. Goti lako je, bado linakusumbua asubuhi? Mawese yako yamefika hapa Kolwezi, na watoto wameshayamaliza nusu.

Unajua mwanao anauza vipuri vya malori, lakini moyo wake uko kwenye kuadhini. Siku ile adhana ya adhuhuri ilitoka safi kama kawaida yake. Ilipofika alasiri nilikuwa uani nachagua mchele, nikasikia maneno yanaburuza, kama ya mtu mwenye uji mdomoni. Jirani yetu Mama Kabedi, mwenye mashine ya umeme ya kusaga mahindi, akaniambia huku akicheka: "Courant njo inashuka, Mama Mariamu. Haut-parleur inalewa!"

Ni kweli, hapa umeme ukipungua kipaza sauti huburuza. Nikacheka naye. Kisha nikasikia mashine yake nyuma ya ukuta: inasaga kwa kasi ile ile. Umeme ulikuwa mzima. Mchele niliwaachia kuku.

Nilimkuta Ramazani amekaa chini msikitini, mkono wa kulia unaning'inia, uso umeshuka upande mmoja. Mzee mmoja alikuwa tayari na kikombe cha maji ya dua.

"Akunywe kwanza, mutoto wangu. Ni upepo mubaya."

Mimi, mkweo mwenye adabu, nilimpokonya mzee kikombe. "Tata, unisamehe. Mate yenyewe inamushinda kumeza! Dua tutasoma mu gari."

Shemeji Saidi alituendesha, na barabara ilijaa malori ya mawe kutoka mgodi wa Mutoshi, na vumbi lake. Kila lori lililotuziba nililitukana kimoyomoyo. Ramazani alitaka kuniambia kitu, akashindwa, akalia. Sijawahi kumwona akilia, Mama. Niliogopa sana.

Hospitali nilijua desturi: kadi, malipo, benchi. Lakini mlinzi wa lango alimtazama usoni tu, akapiga filimbi, na machela ikaja mbio. Siku hizi ndivyo walivyopanga kwa wagonjwa wa kiharusi: moja kwa moja kwenye picha ya kichwa, karatasi zifuate nyuma. Daktari alikuwa anauliza huku anatembea.

"Mara ya mwisho mulimuona muzima ni wakati gani?"

Shemeji Saidi akadakia, "Toka asubui alikuwa anachoka."

Uso wa daktari ukabadilika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake. Ukipita, haitolewi tena. Nikapiga kelele: "Apana, Docteur! Adhuhuri quartier yote ilisikia sauti yake, ilikuwa ya kunyooka. Alasiri njo iliharibika!"

Akatazama saa yake. "Basi tuko na wakati. Mukimbie."

Tulipofika mlango wa chumba cha picha, taa zikazimika. Safari hii umeme ulikatika kweli. Shaba ya nyaya za dunia nzima inachimbwa chini ya miguu yetu, na mume wangu amelala gizani anangoja jenereta! Nilisoma kila sura niliyoijua, nyingine nikazichanganya. Jenereta likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena, likawaka. Picha ikaonyesha damu imeganda, haikumwagika. Wakamdunga.

Neno lake la kwanza lilikuwa "Mama". Nimewapokonya wazee vikombe, nimefokea hospitali nzima, halafu anakuita wewe! Nilicheka hadi muuguzi akanikaripia, kisha nikalia.

Sasa tuko nyumbani. Mguu unaburuta kidogo, kijiko anakishika. Dawa za presha namsimamia mwenyewe, na wewe nakuomba zako usizifiche tena chini ya mto. Msalimie shangazi mshonaji, na baba mdogo wa dukani. Mwambie kila mtu: mdomo ukienda kombo, msingoje.

Nikiwa nafunga barua, adhana ya alasiri imeanza. Anaadhini kijana wa jirani, na sauti inaburuza. Ramazani amenitazama, nami nimemtazama. Nimeacha kalamu nikasikilize mashine ya Mama Kabedi. Nayo inaburuza.

Alhamdulillahi, Mama. Ni umeme tu.

Mkweo,
Zaina