Mashine Isiyo na Uma

Zunilda,

Donge liko kwenye bakuli la bluu, chini ya taulo. Liache liumuke. Paka ameshakula, hata akikuapia kwamba bado.

Nimepanda basi la kwenda mjini Chillán kurudisha mashine ya kukandia aliyotuletea binti yako Maritza. Ile ni ya keki. Asubuhi, ulipoacha kukanda katikati ukaenda chumbani, nilitia humo donge letu lenye mafuta ya nguruwe. Mashine ikatetemeka, ikatembea juu ya meza, ikashuka, ikatoka nje, na nilipoidaka langoni ilikuwa inamsalimia jirani. Donge nimelimalizia kwa mkono. Ukiona unga ukutani, muulize paka.

Nitabadilisha nichukue ile nzito yenye bakuli la chuma, isiyoweza kutoroka, ~~kwa ajili ya vidole vyako~~ kwa ajili ya mgongo wangu.

Najua ulivyosema jana: "Mzee, mashine ikibaki jikoni kwangu, mimi naondoka." Lakini leo umeacha unga ukasema unakwenda kupokea simu. Bibi wewe, simu yetu imekufa tangu Jumapili.

Basi mikate ya chai ya jioni ikate wewe, uitoboe kwa uma vile unavyojua. Mimi nikitoboa, Maritza hali. Na wiki iliyopita nilizikagua mashine zote dukani, za bei zote. Hakuna hata moja yenye uma. Kwa hiyo huendi popote.

Mumeo, mkandaji wa muda