Nairi Alivyozima Muziki

Glendale, California
19 Machi

Mpendwa dada Hripsime,

Nakusalimu kwa furaha inayonizidi kimo. Goti lako linaendeleaje? Baridi ya Gyumri imeanza kulegea, au bado mnalala na soksi? Sisi hatujambo, ila mume wangu Vahan ana mafua na anadeka kuliko mtoto mchanga.

Dada, uliniambia nimkataze Nairi kutazama vile vipindi vya madalali wanaouza majumba ya kifahari. Kweli nilikuwa karibu kumkataza. Ana miaka kumi na tano tu, na alishaanza kuonea aibu nyumba yetu. Hakutaka rafiki yeyote apande ngazi zetu. Siku moja nikiwa nakunja dolma, nikiviringisha nyama kwenye majani ya mzabibu, akaniambia, "Mama, kwenye TV kabati la viatu ni kubwa kuliko jiko letu." Iliniuma.

Lakini badala ya kuzima, niliketi naye. Nikawa namuuliza: huyu dalali anatuonyesha nini, na anatuficha nini? Mwanzoni alinuna. "Mama, unaniharibia uhondo!" Baadaye yeye ndiye akawa wa kwanza kupiga kelele: "Muongo huyo! Mbona dirisha la upande ule halifunguliwi?"

Sasa sikia ya Jumapili. Tulikwenda kuangalia nyumba ya kununua, tukiwa tumechoka kutafuta. Dalali alikuwa kijana mtanashati, meno meupe kama ya tangazo. Mishumaa inanukia, maua mezani, muziki kila chumba. Vahan alishalainika, anapapasa mfuko akitafuta kalamu. Mimi nami nilishachagua pa kuweka meza.

Nairi akauliza kwa adabu, "Samahani kaka, tunaweza kuzima muziki?"

"Kwani hupendi muziki, mrembo?"

"Naupenda. Ila nataka kuisikia nyumba."

Akauzima mwenyewe, akavuta pazia la chumba cha nyuma, akafungua dirisha. Dada wee! Barabara kuu ilikuwa pale pale nyuma ya ukuta, malori yananguruma mpaka glasi zinatetemeka kabatini. Yule kijana akasema tutazoea, eti ni kama sauti ya bahari.

"Basi hamia wewe," Vahan akamjibu kwa Kiarmenia, na tukatoka tukicheka mpaka kwenye gari.

Jana tumesaini nyingine! Ni ndogo, ila mtaa umetulia na uani kuna mti wa aprikoti. Nairi aliikagua mwenyewe, akafungua mabomba yote na kukanyaga kila ubao wa sakafu. Amekwisha kuwaalika marafiki zake, hata kabla hatujahamia.

Kwa hiyo sikukutii, dada, na sijutii. Kumwachia mtoto vipindi vile atazame peke yake, hapo nakubaliana nawe, ni hatari. Lakini wangu amejifunza kuwacheka hao madalali. Sasa mawifi zangu wote wanapiga simu wakitaka kumwazima Nairi waende naye kuangalia nyumba!

Nisalimie shemeji Garegin, mama mdogo Zaruhi na wanao wote. Mungu awajalie jua la mapema na afya tele.

Wako akupendaye, tena leo anayeringa,
mdogo wako Siranush