Keke ndogo ya babu yako

Bahati, mjukuu wangu, bwana wangu mdogo, jambo huko Lubumbashi. Hapa Kilibula tuko wazima, na dada yako amejifungua msichana. Unauliza ununue mashine gani ya betri ya kutobolea mbao nyumbani, kubwa au ndogo.

Wakati wa uasi tulikimbilia milimani. Babu yako, seremala, akainua keke yake kubwa ya kutobolea mbao, ile ya kusukuma kwa kifua. Nikamwambia, "Weye, hiyo chuma na mutoto, utabeba nini?"

Akacheka. "Basi tubebe ya wanawake." Akachukua ndogo.

Kule juu homa ikamlaza chini, penye baridi. Kitanda alichoanza nilikimaliza miye mwenyewe kwa keke ile ndogo, mama yako mgongoni, usingizi machoni. Alipolazwa juu yake akasema, "Kumbe kweli ilikuwa ya wanawake." Hakukilalia sana, akatuacha.

Nunua ile ambayo mkono uliochoka unaweza kuiinua. Na babu yako, akishatoboa, alipuliza vumbi kwanza, fuu, ndipo akatazama tundu. Fanya hivyo, unirekodie kwa simu. Nimekaa miaka mingi sijasikia pumzi ile.