Jina la Babu Eachann Lina Mwenyewe

Mpendwa Mama Oighrig, naomba msaada wako hapo gazetini, na naomba uniwahi, maana mtoto anabatizwa Jumapili ya wiki ijayo na hadi leo hana jina, na chanzo cha kukosa jina ni mimi, mtu mzima niliyekula chumvi nyingi, ambaye saa hizi nilipaswa kuwa namchemshia andazi la ubatizo, lile letu la kufungwa kitambaani na kuchemshwa sufuriani, badala ya kukaa hapa jikoni nakuandikia wewe huku chai inapoa.

Nianzie mbali kidogo. Mimi ndiye kifungua mimba kwetu, na mama aliponizaa aliumwa sana, daktari akamwambia asitegemee mwingine, baba akaona basi, mtoto wa kiume hapatikani na jina la babu mzaa baba litapotea, na wewe unajua hapa kisiwani Tiree jina la babu halipotezwi hivi hivi, kwa hiyo wakafanya kama wanavyofanya watu wa visiwa hivi tangu zamani, wakalichukua jina la mwanamume wakalishonea mkia wa kike. Babu aliitwa Eachann, kwenye makaratasi ya serikali Hector, basi mimi nikawa Hectorina. Wako akina Murdina na akina Donaldina wanaotembea na mikia yao kwa amani, lakini hao wako wengi na wanasaidiana, mimi nilikuwa peke yangu, na siku mwalimu alipotueleza darasani kwamba Eachann limetokana na neno la lugha yetu lenye maana ya farasi ndiyo nikawa nimekwisha. Nikipita tu, wavulana wanalia kama farasi. "Mpeni nyasi huyo, ametoka mbali!"

Halafu yule daktari, Mungu amsamehe, alikuwa amekosea, kwani hata sijajua kutembea vizuri akazaliwa mdogo wangu Niall. Hili nyumbani husimuliwa kama kichekesho mpaka leo: baba alimwendea babu akamwambia, "Mzee, mwanamume kapatikana. Huyu binti tumwite Màiri, hilo jina tumpe mwenyewe." Babu alikuwa anamfunga farasi kwenye mkokoteni wa mwani, akasema tu, "Jina limeshapata mtu," akaondoka na mwani wake. Niall akapewa jina la babu mzaa mama, mimi nikabaki na langu na nyasi zangu.

Nilipokwenda Glasgow kufanya kazi nikaona huu ndio wasaa, mtu wa kwanza kuniuliza naitwa nani nikamwambia Ann, na Ann nikawa, kazini, kanisani, hata kwa marehemu mume wangu, ambaye alilijua jina langu lenyewe siku ya ndoa tu, akacheka mpaka mchungaji akasubiri. Watoto Mungu hakutujalia. Nimerudi kisiwani nimestaafu, bado ni Ann.

Sasa sikia. Mwezi uliopita Calum, mwana wa Niall, kapata mtoto wa kiume na mkewe Catrìona. Wakaja kwangu wote wawili na mtoto wao kwenye blanketi, wamevaa vizuri, nikajua kuna jambo. Calum akasema, "Shangazi, tunataka kumwita Eachann. Kisiwa kizima hakuna Eachann anayepumua, wote wamelala kule makaburini. Lakini jina liko kwako, kwa hiyo tumekuja kuomba."

Mama Oighrig, sijui nini kilinipata. Nilisikia mdomo wangu unasema, "Haiwezekani. Jina limeshapata mtu."

Calum alidhani natania. Catrìona akaona sitanii, na yule msichana ana ulimi, akaniambia, "Shangazi, samahani, lakini jina lenyewe hulivai. Koti limekaa kabatini miaka yote, mtoto anatetemeka kwa baridi, unasema ni lako?" Nikawafungulia mlango watoke. Jioni Niall akanipigia simu: "Leo nazungumza na Ann au na Hectorina? Nataka kujua nagombana na nani." Nikamkatia.

Tangu hapo sina raha. Dukani wananiita Mwenye Hakimiliki. Mtoto kwa sasa anaitwa Bodach, yaani Kizee, kwa sababu hana nywele, na wazazi wake wanasema nisipokubali watamwita Dòmhnall, na wewe unajua hapa ukisimama mlangoni pa duka ukaita Dòmhnall wanageuka wanaume sita na mbwa mmoja.

Nikuambie ukweli ambao sijamwambia yeyote. Nilipomwona yule mtoto nilifurahi, halafu papo hapo nikaumia. Nilijiona kama mtu aliyewekwa kumshikia mwingine nafasi kwenye foleni, na sasa mwenye nafasi amekuja, asante mama, unaweza kwenda. Nimelichukia jina hili maisha yangu yote, lakini babu alikuwa akiniita nalo bila mkia, Eachann tu, "Eachann, njoo ushike hatamu," na mimi nakimbia. Sina kingine chake. Wakilichukua nitabaki na nini? Je, nina makosa? Naomba usilitaje jina langu gazetini.

Ann, Tiree

MAMA OIGHRIG ANAJIBU

Umeniomba nilifiche jina lako. Mwanangu, umelificha vya kutosha. Kisiwa hiki kina Hectorina mmoja tu, na barua yako hata ningeichapa kwa Kichina watu wangejua imetoka jikoni kwa nani. Kwa hiyo nakujibu kwa jina lako na ukitaka kununa, nuna.

Pole kwanza. Pole kwa zile nyasi. Nawajua baadhi ya wavulana waliokuwa wakilia kama farasi, leo hawana meno na wanalia hivyo wakipanda ngazi. Na pole kwa kuumia, maana umeumia kweli, na mtu asikwambie ni utoto. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Unasema uliwekwa kushika nafasi ya mtu. Nani kakwambia? Barua yako mwenyewe inakukatalia. Umeniandikia habari ya babu yako na mkokoteni wa mwani kama kichekesho, ukapita zako. Mimi sikupita. Nilivua miwani nikaifuta, nikasoma tena. Mtoto wa kiume alikuwa amezaliwa, Hectorina. Yule uliyedhani unamshikia nafasi alikuwa ameshafika, yuko kwenye kitanda chake analia, na baba yako akaja na ombi la kukunyang'anya. Mzee alikuwa na mjukuu mwanamume mkononi na akachagua kukuachia wewe. Hakusema "mwacheni tu, atalia". Alisema jina limeshapata mtu. Mtu ni wewe. Umezeeka na jambo hili nyumbani kwenu, mnalicheka kila Krismasi, na hakuna hata mmoja wenu aliyelisikiliza.

Ndiyo maana ukaona mdomo unasema wenyewe. Maneno yalikuwa ya babu. Ila umeyageuza, mwanangu. Yeye aliyasema ili mtoto asivuliwe jina. Wewe umeyasema ili mtoto asivalishwe. Hapo ndipo una makosa, na ni makosa makubwa, na Catrìona ana haki yake ingawa ulimi wake ungefaa kukatia nyasi.

Tena una hofu isiyo na msingi. Wakilichukua utabaki na nini? Utabaki na jina. Jina si kiti, kwamba akikaa mmoja mwingine asimame. Kwetu tulikuwa na kaka wawili tumbo moja, wote Iain, kwa sababu babu zetu wote wawili walikuwa Iain na hakuna aliyekubali kushindwa. Iain Mkubwa na Iain Mdogo. Mama akiita "Iain, njoo ulete kuni," haji hata mmoja, kila mmoja anadai alidhani kaitwa mwenzake. Waliishi hivyo mpaka uzeeni na jina halikuisha. Lako ndilo litakaloisha, kwa sababu wote waliokuwa nalo wako chini ya mawe na aliyebaki anajiita Ann.

Na kwa kuwa ulimsikiliza mwalimu nusu, nikumalizie. Ni kweli, mwanzo wa Eachann ni farasi. Mwisho wake wasomi wanabishana: wapo wanaosema ni farasi wa rangi ya kahawia, wapo wanaosema ni bwana wa farasi, mtu mwenye farasi. Mimi si msomi, siwezi kuwaamulia. Lakini najua babu yako alikuwa na farasi, na najua aliyekuwa anaitwa kushika hatamu ni nani. Hilo la Hector ni bandiko tu, jina la watu wa mbali, makarani wa zamani walilibandika juu ya letu kwa sababu waliona yanakaribiana. Hayana undugu. Wewe umekuwa ukikimbia bandiko na kumbe chini yake kuna kitu cha kwenu, cha zamani kuliko kanisa unalosali.

Haya, utafanya hivi. Andazi lichemshe leo, usingoje kesho, na uweke zabibu za kutosha, usitubanie. Jumamosi nenda kwa Calum na miguu yako mwenyewe. Usipige simu kwanza, utakata tena. Catrìona akifungua mlango mwambie "nimekuja na koti", ataelewa, naye akikujibu vibaya, yameze, siku moja tu haikuui. Kisha uombe jambo moja, na hili usiondoke bila kulipata. Unajua hapa mtoto akibatizwa hakuna anayeuliza jina lake nani. Wanauliza, kapewa la nani? Mwambie Calum kwamba mlangoni pa kanisa, dukani, kwenye boti, popote atakapoulizwa, jibu ni moja: la shangazi yangu, Hectorina, naye alipewa na babu yake. Wasikuruke. Mtoto alipate jina kupitia mkono wako kama wewe ulivyolipata kupitia mkono wa mzee. Akikubali hilo, na atakubali, maana kijana aliyekuja kuomba wakati angeweza kuchukua ni kijana aliyelelewa, basi mpe kwa moyo wote. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Na Ann mwache. Alikusaidia Glasgow, mshukuru, mpe likizo. Pale dukani wakikuita Mwenye Hakimiliki itika.

La mwisho unalijua, lakini kwa hasira zako unaweza ukasahau. Usiende mikono mitupu. Mtoto bado hujamtia sarafu ya fedha kiganjani, kama desturi yetu kwa mtoto mchanga, maana mara ya kwanza mlipoonana ulikuwa unawafungulia watu mlango. Mtie Jumamosi. Mwite Eachann, bila mkia, kama ulivyokuwa ukiitwa wewe. Na akiifumbata ile sarafu, wakavuta vidole kimoja kimoja, akakataa kabisa kuiachia, wasihangaike kuuliza tabia hiyo kaitoa wapi. Ya mwenye jina hiyo.