Mafunzo ya Siku Tano kwa Wageni wa Mtambo

Kwa Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba Mama anaendelea vizuri na ile dawa ya macho. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma.

Kwanza kabisa, kwa heshima na taadhima, naitangazia familia nzima kwamba nimekabidhiwa rasmi ubao mweupe wenye miguu mitatu, pamoja na kalamu nne, ambazo mojawapo inaandika. Nilitia sahihi mahali pawili.

Ubao huo haukuja bure. Kompyuta yetu si hizi za kuweka mapajani. Ni mtambo mkubwa kama kabati tatu za nguo zilizosimama bega kwa bega, umefungiwa kwenye chumba cha baridi, nao ndio unaotoa vyeti vya kuzaliwa vya watu wote wanaopanga foleni pale chini. Niliingia humo miaka kumi na tisa iliyopita nikiwa na ufagio. Sikusomea, nilitazama. Ndiyo maana ofisini wananiita Profesa, na huanza kucheka kabla hawajalimaliza jina lenyewe.

Sasa, mwezi uliopita Bi Mkubwa, yaani mkuu wa kitengo chetu, aliniita akanikaribisha kiti. Dada, katika miaka kumi na tisa hajawahi kunikaribisha kiti. Machale yakanicheza hapo hapo. Akasema wanakuja wafanyakazi wapya watatu, wenye vyeti vyao vya kompyuta, na mimi ndiye nitakayewapangia mafunzo ya siku tano. Niandike kila ninachokijua, hata vile vidogo vilivyoko kichwani tu. Nikamuuliza lengo ni nini. Akatabasamu, akasema lengo ni waweze kusimama wenyewe hata mimi nisipokuwepo. Nisipokuwepo! Niende wapi?

Kondoo kaambiwa anoe kisu, tena aandike na maelezo ya kukitumia. Nikaanza kuchunguza. Mhazili, ambaye siku zote hunisalimu kwa nyusi, akaniuliza niliajiriwa tarehe ngapi. Nilipotaka kujua ya nini, akasema ni mambo ya faili tu. Wageni nao walipofika, kila mmoja alikuja na kikombe chake. Mtu anayekuja na kikombe chake haji kutembea.

Hata hivyo mpango niliuandika, na usinicheke, ulikuwa mpango mzuri. Siku ya kwanza, wapi pa kukanyaga, maana sakafu ya chumba kile ni ya vigae vya kuinuliwa na nyaya zote ziko chini yake. Siku ya pili, kuuwasha mtambo. Siku ya tatu, kuuzima bila kuuumiza. Wawili walinisikiliza kwa adabu wakiandika. Wa tatu, binti mwembamba niliyembandika jina la Bi Swali, hakuandika, aliuliza. Kwa nini hiki kabla ya kile? Nani aliamua? Siku ya nne akaniambia, "Kaka Profesa, wewe unafundisha kama mtu anayegawa maji ya mtungi wa mwisho." Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka, ila kwa meno tu.

Alikuwa amenipata. Haya nayasema kwako peke yako. Ukiuwasha mtambo ule, unamwaga mistari mingi kwenye skrini, na katikati yake unauliza swali moja: uendelee na kazi za jana au uanze upya? Unauliza mara moja tu. Mistari mingine inalifunika swali, kisha unanyamaza. Haulii, hauwashi taa. Asiyejua hudhani unafanya kazi, kumbe unamsubiri yeye arudi nyuma skrini mbili alijibu. Hilo nililigundua mwenyewe mwaka wangu wa tatu. Hilo sikuliandika, na siku ya pili nilipowawashia, nililijibu upesi huku nikiwaonyesha feni iliyoko ukutani.

Siku ya tano ilikuwa ya mtihani. Nilikaa kwenye korido na chai yangu. Bi Swali akauwasha mtambo, na tangu saa mbili hadi saa tano wakautazama kwa heshima, kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa aliyelala. Kule chini foleni ikafika barabarani. Mama mmoja aliyetaka kumwandikisha mwanawe shule akaanza kugonga dirisha kwa kiatu. Ndipo nilipoitwa. Niliingia, nikabonyeza mara tatu, mtambo ukaendelea. Wakanipigia makofi. Bi Swali hakupiga.

Bi Mkubwa akanivuta pembeni, akashusha pumzi. Akasema kila mwaka naomba likizo na kila mwaka ananinyima kwa kukosa wa kumwachia mtambo, na ndiyo sababu amehangaika miezi minane aletewe watu. Fomu yangu ya siku thelathini ilikuwa mezani kwake, imeshatiwa sahihi. Lakini sasa amejionea mwenyewe kwamba bila mimi haiwezekani. Akaichana mbele yangu, taratibu, huku akinishukuru.

Kesho yake niliwafundisha lile swali, nikaliita somo la nyongeza. Bi Swali akaniuliza kama siku hizi somo huja baada ya mtihani. Nikamwomba auwashe tu, mdogo wangu. Akauwasha kwa dakika nne. Nikapanda mbio kwa Bi Mkubwa kumwambia kwamba vijana wameiva, na nikaomba ile fomu iandikwe upya. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua ratiba ya likizo.

Basi nisalimie shemeji na wapwa zangu wote, mkubwa kwa mdogo. Mama mwambie kwa maneno yako, si haya yangu, kwamba asinitandikie kitanda. Katika kitengo chetu huruhusiwa likizo mtu mmoja kwa wakati mmoja, na tarishi wetu wa ofisi ameshaondoka kwenda yake.

Ni mimi mdogo wako,
Profesa