Goti la Loïc na Barafu ya Baba

Lac-aux-Perdrix,
Abitibi, Quebec.
9 Desemba 2018.

Kaka yangu mpendwa Ghislain,

Salamu nyingi kutoka meza ile ile ya jikoni kwa Baba, yenye mguu mmoja mfupi. U hali gani? Mgongo unaendeleaje? Bado wanakushusha mgodini na ile mashine ya kutoboa miamba inayotikisa mifupa, au wamekupa kazi ya kukaa kama walivyokuahidi? Najua huko Kalgoorlie jua linawaka na wewe umevaa kaptura. Mimi nimevaa soksi mbili mbili na vidole bado vinalalamika.

Sisi kwa jumla hatujambo. Shemeji yako Réal anakohoa kama kila mwaka theluji ikianza, hilo si jipya. Binti yetu Maude ameng'oka meno ya mbele na maneno yameongezeka. Mjomba Fernand ni mzima, na mdomo wake ndio mzima zaidi. Baba anakula, analala, anakwenda misa. Nyonga yake ndiyo inayotusumbua. Majira ya baridi yaliyopita alianguka pale kwenye ngazi za nyuma, na tangu hapo anatembea ameshika ukuta, ukimwangalia anauachia.

Kadi yako ilifika. Baba aliisoma amesimama, akaiweka nyuma ya saa pamoja na zile nyingine. Umeandika tena kwamba utakuja mwakani. Sikulaumu, safari ni ndefu na kazi ni kazi. Ila ujue mtu akimsomea Baba sentensi hiyo, yeye anauliza tu kama kahawa ipo.

Nimekukumbuka, Ghislain. Nalisema mapema, maana nikiingia kwenye habari za hoki ya barafuni utadhani barua nzima ni ya hoki. Tangu tumzike Mama hujarudi hapa. Nikipika supu ya njegere bado naijaza sufuria kubwa, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukiimaliza, halafu tunaila siku nzima ya pili na Réal ananuna.

Haya, habari yenyewe ni ya mchezo wetu wa kuchagua wachezaji. Labda joto limekusahaulisha kanuni, basi nakukumbusha. Kila Septemba, kabla ligi ya vijana haijaanza, ndugu wote tunakaa mezani kwa Baba na kila mtu anachagua mchezaji mmoja tu. Magoli yake na pasi zake za magoli zinakuwa zako. Siku ya Mtakatifu Katarina, mwishoni mwa Novemba, huku tukivuta kwa mikono pipi laini za molasi, ule uji mweusi wa sukari, tunajumlisha. Aliye wa mwisho anatengeneza uwanja wa barafu nyuma ya nyumba ya Baba, anamwaga maji kwa mikono yake mwenyewe, hakuna kumtuma mtu. Aliye wa kwanza ndiye anayeukanyaga kwanza, na kabla yake hakuna kiatu kinachogusa barafu ile, hata cha mtoto. Walio katikati hawana kazi, wanakula pipi. Kanuni hizo aliziweka Mama, na ndiyo maana Baba haruhusu mtu azichezee.

Aliye mbali huchaguliwa mchezaji na walio nyumbani. Tangu uondoke, mimi ndiye ninayekuchagulia. Nakutafutia beki mtulivu, mtoto wa watu asiye na makuu, na kila mwaka unaishia katikati. Nilijiona dada mwema sana.

Mwaka huu jina lilikuwa moja tu midomoni mwa watu: Loïc Tanguay, kijana wa kule Lac-Saint-Jean aliyesajiliwa na timu ya mjini kwetu. Ungemwona ungesimama. Anapita kati ya mabeki kama mtu anayepita jikoni kwake taa zimezimika, hagusi hata kiti. Lakini goti lake limepasuliwa mara mbili, na bega lilishachomoka. Msimu uliopita alicheza kidogo tu, uliobaki akautazama kutoka jukwaani na mikongojo yake.

Réal ndiye aliyeanza. Alisema, "Akiwa mzima, hakuna wa kumfikia."

"Akiwa mzima," Mjomba Fernand akadakia. "Na mimi nikiwa kijana nitaoa tena. Huyo si mchezaji, ni mgonjwa anayetembelea uwanja."

"Daktari kasema goti limepona."

"Daktari hachezi. Goti lile lina mishono mingi kuliko suruali yako ya kuwindia."

"Basi usimchague, Mjomba. Kwani umelazimishwa?"

"Nani kasema namchagua? Nilimwaga maji mwaka juzi, nikakohoa mpaka Pasaka. Mimi nataka mwenye magoti mawili."

Wakabishana mpaka pai ya nyama ikapoa. Unawajua. Kila mmoja alimtaka yule kijana na kila mmoja alimwogopa. Zamu ya Réal ilipofika, mwenye maneno yote yale, akakuna kichwa na kumtaja mwingine. Fernand naye vivyo hivyo. Ikafika zamu yako. Nikafungua mdomo nimtaje Bouthillier, beki mmoja imara, hajawahi kuugua hata mafua.

"Mwaka huu namchagulia mimi," Baba akasema. Alikuwa anamenya tufaha na hakuinua macho. "Mpeni Ghislain huyo wa goti."

Fernand akaweka uma chini. "Shemeji, mwanao kakukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Yule kijana ataanguka kabla majani hayajaisha mitini. Unamfanya Ghislain kuwa wa mwisho."

"Akiwa wa mwisho si atakuja amwage maji," Baba akajibu. "Kanuni ni kanuni."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikaa kando yake na niliona amelimenya tufaha mpaka kwenye mbegu. Ilipofika zamu yake mwenyewe, akamchukua Bouthillier wangu.

Nikiosha vyombo ndipo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Baba hawezi kukuomba uje. Yule mzee hajawahi kumwomba mtu hata chumvi, atainuka na nyonga yake aifuate mwenyewe. Basi kaamua goti la mtoto wa watu limwombee. Nilikasirika kidogo, halafu nikaanza kutumaini pamoja naye.

Lakini Loïc hakuanguka. Oktoba yote alifunga, na asipofunga alimpa mwenzake akafunga. Baba alisikiliza kila mechi redioni, na mimi nikawa nakuja kukaa naye. Kila Loïc alipofunga nilimtazama Baba usoni nikitafuta huzuni. Sikuiona. Alikuwa anagonga meza kwa kidole mara moja, vile alivyokuwa akifanya ulipofunga wewe. Nikasema moyoni, mzee kasahau alichokuwa anakitaka.

Novemba tulikwenda uwanjani, mimi na Maude. Katikati ya mechi Loïc alisukumwa ukutani akalala chini. Sikufichi, kaka, pale sikujua niombe nini. Asipoinuka, wewe unakuja. Akiinuka, sikuoni. Mama yake alikuwa amekaa safu ya mbele yetu, kajifunika uso kwa skafu, na mimi nimefumba macho kama mwizi. Maude akaninong'oneza, "Mama, amesimama." Nilifurahi, nakuapia nilifurahi kwa dhati. Kisha njia nzima ya kurudi nililia, na Maude akadhani ni kwa sababu tumefungwa.

Siku ya Mtakatifu Katarina tukajumlisha. Wewe ni wa kwanza, tena umewaacha wenzako mbali. Na wa mwisho je? Ni Baba. Bouthillier, yule asiyeugua hata mafua, alijibana kidole gumba kwenye mlango wa gari la baba yake msimu ulipoanza tu, na hajashika gongo la hoki mpaka leo. Fernand alicheka mpaka pipi ikamkaba, ikabidi Réal ampige mgongoni.

Tulikubaliana wote kwamba Baba asisogee, Réal atamwaga maji. Tulipogeuka, Baba alishavaa koti na kofia ya masikio, yuko kibandani anatafuta mpira wa maji.

Baridi ilipokaza akaanza kazi asubuhi, kabla hata ya kunywa kahawa. Mimi aliniruhusu nishike mkia wa mpira tu, usinase kwenye mbao za ukingoni. Kwanza alikanyagakanyaga theluji mpaka ikashikana, hatua moja moja na ile nyonga. Halafu akamwaga maji kidogo kidogo, akingoja yagande kabla ya kurudia, kama alivyotufundisha. Nilimwonea huruma nikashindwa kunyamaza.

"Baba, ulitaka Ghislain awe wa mwisho. Hesabu imekugeuka."

"Haijanigeuka."

"Amekuwa wa kwanza, Baba."

"Najua kuhesabu, Odile." Akaendelea kumwaga. "Miaka yote hii unamweka katikati. Unampenda, unamtafutia mahali salama. Lakini aliye katikati nani atamwita? Anaitwa kwa lipi? Yule kijana hana katikati. Akivunjika ni wa mwisho, akisimama ni wa kwanza. Kwangu mimi ilikuwa ni sawa tu."

Halafu akaniambia niangalie, maji yananimwagikia kwenye buti.

Kwa hiyo, Ghislain, uwanja upo na umeganda vizuri kutoka ukingo hadi ukingo. Nimeutazama leo kupitia dirisha la jikoni. Hauna mkwaruzo hata mmoja. Maude alikuja na viatu vyake vya barafu shingoni, na Baba akamsimamisha mlangoni akamwambia angoje mjomba wake. Watoto wa jirani nao wamekuja wakarudi. Fernand alijaribu kuwatetea. Alisema, "Shemeji, mtu yuko Australia. Watoto wangoje mpaka lini?" Baba akamjibu kwamba barafu haiozi.

Kila asubuhi anatoka na koleo kuondoa theluji iliyoanguka. Hatuthubutu kumsaidia na hatuthubutu kumkataza. Anapita pembeni pembeni kwenye mbao na kulivuta koleo kutoka hapo, ili na yeye mwenyewe asikanyage. Viatu vyako vya barafu alivipeleka mjini vikanolewa vyuma. Sasa vinaning'inia karibu na jiko la kuni, na ngozi ameipaka mafuta.

Hajaniambia nikuandikie. Angejua nakuandikia haya angenuna wiki nzima. Lakini mimi si Baba, mimi naweza kuomba. Naomba uje. Usiniambie mwakani, maana mwakani sijui kama ataweza kulishika lile koleo, na sijui kama goti la Loïc litatusaidia tena. Njoo Krismasi. Ukishindwa Krismasi, njoo Mwaka Mpya. Huku hakuyeyuki kitu mpaka Machi, ila mimi nimechoka kungoja, na Maude anasema nikuambie kwamba miguu yake inakua na viatu vinaanza kumbana.

Mjomba Fernand anakusalimu na anasema ulishinda kwa bahati. Réal anakusalimu, kakuwekea soseji za yule kulungu mkubwa wa misitu ya huku waliyemwinda Oktoba, na ananiapia hatazigusa. Usimwamini, fika mapema. Maude anakusalimu kwa pengo lake. Nilipokwenda kaburini kwa Mama nilimweleza kwamba wewe ndiye wa kwanza mwaka huu.

Mungu akulinde chini ya ardhi na juu yake, na akuongoze njia nzima mpaka kwenye mlango huu wa nyuma.

Ni mimi dada yako, ambaye sufuria yake bado ni kubwa,

Odile

Nyongeza: Baba amenikuta nafunga bahasha. Sikuwa na pa kuificha. Ameomba kalamu, na haya hapa chini ni maandishi yake.

Barafu ya mwaka huu ni nzuri. Baba.