Tata, Kocha Tumemchinja

Tata, baba yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kunijibu marahaba, lakini Mama amesema barua isiyo na salamu ungeikunja na kuisukumiza chini ya redio, kama ulivyokuwa ukizifanyia barua za Baba mdogo Gozibert. Kwa hiyo shikamoo, tena shikamoo.

Naandika nikiwa hapa Nkwenda, kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa. Nimefunga mlango nikawaambia wateja nina udhuru, na mmoja bado ananichungulia dirishani akidhani nimemfichia gauni lake.

Habari yenyewe niitangulize, maana hukupenda watu wa kuzunguka. Kocha tumemchinja. Kabla hujakasirika, nisikilize mpaka mwisho. Nadhiri yako haikuvunjwa, Tata. Imetimizwa. Ila jinsi ilivyotimizwa, nadhani hata wewe ungetafuta kwanza pa kukaa.

Nitaanzia mbali, kwa sababu hapa kila mtu anaisimulia kivyake na nataka upate ya kwangu. Unaukumbuka mwaka ule wa Olimpiki ulipopanda baiskeli kutoka Nyakatuntu hadi Nkwenda, ukaingia kibanda umiza kutazama ufunguzi. Nchi zikapita na bendera zao. Ilipofika yetu ulisimama ukawaziba walio nyuma, wakakuzomea, wewe hukujali. Uliwaona wakimbiaji, ukawaona na watu wa suti, ukatafuta wacheza mpira hukuwaona. Ulirudi nyumbani umenuna, Mama akadhani baiskeli imeibwa.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mavuno. Baada ya ibada watu wakiwa kwenye mnada wa sadaka, wanapandishiana mikungu ya ndizi na kuku, ukasimama na sauti yako ile ya kuitia ng'ombe. Ulisema, "Nina ndama dume nyumbani. Siku timu yetu ya taifa ya mpira wa miguu itakapocheza kwenye michezo ile ya mataifa, iwe Olimpiki, iwe ya Afrika, ng'ombe yule ni wa Bwana, na usharika mzima utakula." Mchungaji akasema amina kabla hajafikiri. Mama alinishika mkono akaubana mpaka pete yake ikaniachia alama.

Ndivyo yule ndama alivyopata kazi ya kudumu. Kijiji kikamwita Kocha, kwa sababu alisimama pembeni mchana kutwa akitazama wenzake wanavyohangaika, yeye hafanyi lolote, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumfukuza.

Tata, ulikuwa mwanahistoria wa jambo moja tu, na ulilijua kupita kiasi. Ulipokuwa mvulana timu yetu ilikwenda Lagos kwenye Michezo ya Afrika, ukaisikiliza kwenye redio ya karani wa ghala la kahawa huku umejitwika kikapu, umesahau kukitua. Mara ya kwanza kunisimulia, timu ilifungwa bila ubishi. Nilipoingia darasa la nne ilikuwa imefungwa kwa bahati mbaya. Nilipoolewa ilikuwa imefungwa na refa. Mama alisema ukijaliwa miaka mingine kidogo utalileta kombe lenyewe Nyakatuntu. Baada ya Lagos, ulisema, mpira wetu ukabaki nyumbani. Wakimbiaji wanaondoka, mabondia wanaondoka, mpira unawapungia mkono.

Na kanisa nalo ukaliambukiza. Sala za Jumapili zilikuwa za mvua, za wagonjwa, na za vijana wetu wa timu ya taifa. Mzee Petro wa sauti ya besi, ambaye hajawahi kupiga mpira hata kwa bahati mbaya, alikuwa anakungoja mlangoni akuulize mechi za kufuzu tumepangwa na nani. Tulipotolewa, kwaya iliimba siku hiyo kama iko mazikoni. Haukuwa uzalendo ule, Tata. Ilikuwa nyama.

Halafu ukatuacha. Nilidhani nimejiandaa, kwa sababu ulikuwa umeugua na madaktari walishatuambia tusikudanganye. Sikuwa nimejiandaa hata kidogo. Mpaka leo nikisikia baiskeli ina mlio kwenye mnyororo natoka nje.

Msiba wako ulikuwa mkubwa. Walikuja watu kutoka Kituntu, na wengine kutoka Muleba ambao sisi wenyewe hatuwajui. Tulitandika nyasi mbichi nyumba nzima ili waombolezaji wakae, kama ilivyo desturi. Tulipotoka kwenda kukuzika, Kocha akakata kamba, akaingia sebuleni akazila zote. Tuliporudi kutoka kaburini tulimkuta amesimama katikati ya sebule kwenye sakafu tupu, anatafuna, anatutazama kama sisi ndio wageni. Shangazi alianza kulia, kilio kikageuka kicheko, na nikakosa namna ya kumnyamazisha kwa sababu nami nilikuwa hivyo hivyo.

Baba mdogo Gozibert akaona hapo ndipo pa kusemea. Wageni wana njaa, ng'ombe ndiye huyu, ameingia jikoni kwa miguu yake mwenyewe. Mchungaji akamjibu kwamba ng'ombe wa nadhiri haliwi kabla nadhiri haijatimia. Baba mdogo akasema ng'ombe ni wa kaka yake. Wakavutana mpaka jirani akatuazima dume lake ili msiba upite kwa heshima. Kocha akawa ng'ombe wa kwanza Kyerwa nzima kuhudhuria msiba wa mwenye mali akatoka mzima na ameshiba.

Lakini Mama alibaki naye, Tata. Magoti yake unayajua. Kocha akazoea kuvunja zizi na kwenda kula machipukizi ya migomba, na Mama nyuma yake na fimbo. Baba mdogo akatoa kauli mbele ya ukoo: siku ya kumaliza msiba ikifika, ng'ombe anapelekwa mnadani Nkwenda, mambo yaishe. Mama akasema Kocha akiuzwa yeye hatakanyaga tena kanisani, kwa sababu watu watakuwa wanamtazama mjane wa mtu aliyemdanganya Mungu mbele ya usharika. Ulikuwa huna shamba kubwa wala cheo. Ulikuwa na neno lako tu, na kila mtu hapa alilijua. Sasa lilikuwa linaenda kufungwa kamba ya shingo na kupigiwa bei kwenye vumbi, na mimi niliyekuahidi pale kitandani kwamba nitalilinda sikujua nifanye nini. Nilikonda. Nilimshonea mteja sketi nikasahau pa kuingilia.

Ndipo akaja Mwalimu Adventina, anayefundisha michezo shule ya sekondari. Timu yake ya wasichana ilikuwa imepewa jezi zenye mabega ya wanaume, anataka nizipunguze. Nikiwa napima, nikamweleza habari za Kocha, maana ilikuwa haipiti siku bila mtu kuniuliza. Alicheka sana. Kisha akaacha kucheka, akaweka chini jezi aliyoishika.

"Dada Koku," akasema, "hiyo timu mbona ilishakwenda?"

Nikamwambia ya Lagos tunaijua. Akasema siyo hiyo. Wanawake. Timu ya taifa ya wanawake ilikwenda Maputo kwenye Michezo ya Afrika, halafu ikaenda tena Brazzaville. Nikamuuliza kama anazungumzia netiboli. Akanitazama kwa huruma, akatoa simu akanionyesha: dada zetu wamejipanga kwa wimbo wa taifa, viatu vya mpira miguuni, mikono kifuani.

Tata, Maputo ilikuwa kabla ya nadhiri yako. Lakini Brazzaville ilikuwa baada yake. Kocha alikuwa bado kijana, ana meno yote. Wewe ulikuwa mzima. Mzee Petro alikuwa mlangoni anauliza ratiba. Usharika mzima ulikuwa umepiga magoti unaomba jambo ambalo lilishatokea, na ng'ombe wa Bwana yuko zizini kwetu ananenepa kinyume cha sheria.

Nilicheka mpaka pini zikanitoka mdomoni. Halafu nikakukasirikia. Nilikukasirikia kweli, Tata, siwezi kukuficha. Katika kila gwaride ulitafuta wacheza mpira, na macho yako yakawaruka wote wenye nywele za kusuka. Mimi nilikuwa golikipa wa shule, na ule mpira wetu wa majani makavu ya migomba tuliuchezea nyuma ya kanisa, hatua chache tu kutoka nyumbani. Hukuja kutazama hata siku moja. Nilikunja jezi zile nikiwa nakusema kwa sauti, peke yangu, kama mwendawazimu.

Kisha nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa. Mpira ule ulikuwa unafumuka. Jioni niliutupa kwenye kona ya jiko ukiwa umechanika, na asubuhi niliukuta umekazwa upya kwa kamba mbichi ya mgomba, na fundo lake lilikuwa lile lako la kufungia ng'ombe, ambalo hakuna mwingine nyumbani aliyeweza kulifunga. Hukuwahi kusema, nami sikuwahi kuuliza. Hapo hasira ilinipungua. Haikuisha, lakini ilipungua.

Siku ya kumaliza msiba ilipofika, ukoo umekaa, mchungaji yupo na wazee wa kanisa, Baba mdogo tayari ana kamba mkononi. Nikasimama nikawaeleza. Nilipomaliza, Baba mdogo akasema taratibu, kwa upole kabisa, kwamba kaka yake alisema timu ya taifa, na hao ni wanawake.

Mama aliweka chini kikombe chake cha rubisi, pombe ya ndizi. Unamjua, hasemi kwenye vikao vya ukoo. Akasema kwa adabu, "Waitu, shemeji. Ng'ombe huyu nani alimkatia majani? Ni mimi. Alipougua kwato nani alimkanda? Ni mimi. Maji ya kiangazi nani alimchotea kule bondeni? Wanaume wote mliokaa hapa mlimwona akinywa, hakuna aliyesema maji hayahesabiki kwa sababu yamechotwa na mwanamke."

Baba mdogo alianza kuizungusha ile kamba kidoleni, akaizungusha mpaka ikaisha. Mchungaji akakohoa, akasema Bwana alipoipokea nadhiri hakuuliza wachezaji ni wanaume au wanawake, na kwamba kwa maoni yake usharika unamtaka radhi mjane kwa kuchelewa. Mzee Petro akauliza swali moja tu, kama ni kesho au keshokutwa.

Ilikuwa Jumapili. Tata, nikwambie ukweli, nadhiri zisiachwe zikazeeka. Tulimpika Kocha na ndizi tangu alfajiri. Ndizi ziliiva, zikapondeka, zikageuka uji, Kocha bado anabisha. Mzee Petro aliingia na pande moja kwenye ibada ya shukrani akatoka nalo. Mchungaji alipokuwa anatoa baraka tulimwona akilihamishia la kwake shavu la pili. Lakini hakuna aliyelalamika. Watu walikaa uwanjani pa kanisa wakitafuna na kukusimulia, Lagos ikachezwa upya, na safari hii nadhani tulitoka sare. Siku ya maziko walikulilia. Siku hii walikufurahia, na mimi niliona hiyo ndiyo uliyokuwa unaitaka.

Nilidhani yameishia hapo. Wakati wa mnada, mikungu ya ndizi inaposhindaniwa, nikamwona Mama anasimama. Nikamvuta gauni, hakukaa. Akasema anao mtamba nyumbani, yule mwekundu wa uzao wa Bihogo, ng'ombe wetu wa zamani. Siku wasichana wetu watakapocheza Olimpiki yenyewe, ni wa Bwana. Na kwa kuwa ameona kungoja kulivyo, akaongeza, huyu angalau atakuwa anatoa maziwa.

Mchungaji safari hii alifikiri kwanza. Kisha akasema amina.

Sasa kila Jumapili Baba mdogo Gozibert anamfuata Mwalimu Adventina kumuuliza ratiba ya wanawake. Mama anamkama mtamba wake ambaye bado hana hata mimba, kwa mdomo tu, akipanga maziwa yatagawiwa vipi. Na mimi nimeahidi kwenda kuwatazama wasichana wa Mwalimu wakicheza na jezi zangu. Nitasimama nyuma ya goli.

Kwa heri, Tata. Pumzika, majani ya kaburini nayapalilia mwenyewe. Lakini nakuahidi jambo moja. Siku dada zetu watakapoingia Olimpiki, kabla ya kumwambia mchungaji, kabla ya Mzee Petro, kabla hatujawasha moto, nitakuja hapo chini ya migomba ulipolala nikuambie wewe kwanza. Safari hii hutapitwa.

Mwanao,
Koku